Nilivyokata moto njia ya Makambako: historia fupi ya nguvu za mwendesha baiskeli

Msomaji, ngoja nianze na aibu yangu, halafu twende kwenye historia.

Mwaka jana niliamua kutoka Njombe mjini hadi Makambako na kurudi siku hiyohiyo kwa baiskeli. Ni kilomita 60 hivi kwenda, kwa hiyo 120 kwa jumla. Baiskeli ninayo, miguu ninayo, lami ipo. Nikaondoka saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na chai ya rangi na chapati moja tumboni. Kwenda kulikuwa raha tupu. Saa nne na nusu nilikuwa Makambako napiga picha ya kutuma kwenye grupu la darasa. Nikanunua maji, nikageuza.

Kilomita ishirini na kitu baadaye, kwenye mlima ambao ukiwa ndani ya Kosta hata huuoni, miguu ilikataa. Haikuwa kuuma, maana kuuma ningevumilia. Ilikuwa kama umeme umekatika: ubongo unatuma amri, huku chini hakuna wa kuipokea. Mikono ikatetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikashikwa na hasira isiyo na sababu, hata kwa ng'ombe aliyekuwa akinitazama. Nikakaa kwenye nyasi.

Aliyeniokoa ni dereva wa fuso tupu lililokuwa likienda Njombe kubeba viazi. Utingo alipandisha baiskeli nyuma, akaniangalia usoni, akauliza, "Kaka, tangu asubuhi umekula nini?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika bodi. "Sasa ulitaka baiskeli iende kwa mate?"

Swali la utingo lilikuwa zuri kuliko nilivyotaka kukubali siku ile. Wanasayansi walihangaika nalo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na jibu lake kwa kiasi kikubwa lilipatikana juu ya kiti cha baiskeli. Kama na wewe unapanga safari yako ya kwanza ndefu, iwe ni hii yetu ya Makambako au nyingine, historia hiyo itakusaidia kuliko ushauri mwingi wa mtaani kuhusu soksi na miwani.

Pipi za Boston, mguu mmoja wa Stockholm

Mwaka 1924 madaktari wa Boston, Marekani, walisubiri wakimbiaji kwenye mstari wa kumalizia marathoni ya mji wao na kuwachukua damu. Baadhi ya waliofika wakiwa hoi, wamepauka, wamechanganyikiwa, sukari yao ya damu ilikuwa imeshuka vibaya. Mwaka uliofuata madaktari hao waliwashauri baadhi ya wakimbiaji wale vyakula vya wanga kwa wingi kabla ya mbio, kisha wakawapa pipi za kula njiani. Hali yao mwishoni ilikuwa nzuri zaidi. Hebu fikiria: kabla ya hapo watu walishakimbia marathoni kadhaa za Olimpiki bila mtu kupima jambo rahisi kama hilo.

Lakini damu ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Damu yako yote ina gramu chache za sukari, labda tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Ghala lenyewe liko kwenye ini na kwenye misuli, ambako sukari huhifadhiwa kwa umbo la glaikojeni. Tatizo lilikuwa hili: utapimaje kilicho ndani ya msuli wa mtu aliye hai, tena anayefanya kazi?

Hapo ndipo baiskeli inaingia. August Krogh wa Denmark, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alikuwa tayari ameunda baiskeli isiyokwenda popote, yenye breki ya sumaku, ambayo humwezesha mtafiti kujua kwa usahihi kazi inayofanywa na mpanda baiskeli. Mtu amekaa sehemu moja, unaweza kumpima pumzi, damu, chochote. Baadaye, miaka ya 1960, Jonas Bergström wa Sweden akaanza kutumia sindano nene inayochomoa kipande kidogo cha msuli. Weka vitu hivyo viwili pamoja, unapata jaribio ambalo kwangu ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa kuwahi kufanywa juu ya mwili wa mtu.

Mwaka 1966 Bergström na mwenzake Eric Hultman walijifanyia jaribio wao wenyewe. Baiskeli moja, watu wawili, mmoja kila upande, kila mmoja akinyonga pedeli kwa mguu mmoja tu huku mwingine ukipumzika. Wakanyonga mpaka mguu unaofanya kazi ukaishiwa kabisa. Kisha kwa siku tatu wakala wanga kwa wingi, huku wakichomwa sindano miguu yote miwili. Mguu uliopumzika haukubadilika sana. Mguu uliochoka ulijaza tena ghala lake, ukapitiliza, hadi kufikia karibu maradufu ya mwenzake. Mtu mmoja, damu ileile, chakula kilekile, lakini miguu miwili tofauti. Maana yake ni kwamba msuli wenyewe, ule uliotumika, ndio unaojifunza kuhifadhi.

Sasa tufanye hesabu ya penseli kwa barabara yetu. Mtu wa kawaida kwenye baiskeli nzito, akienda kilomita 15 kwa saa kwenye milima midogomidogo, anatoa kwa wastani wati 100 hivi. Kutoka Njombe hadi Makambako ni saa nne: wati 100 mara sekunde 14,400, unapata kilojuli 1,440 zinazofika kwenye pedeli. Mwili ni injini inayopoteza sana joto, hutoa kazi ya robo hivi tu ya nishati inayochoma. Kwa hiyo unachoma karibu kilojuli 6,000, sawa na kilokalori 1,400. Kwenda na kurudi, 2,800. Na ghala la wanga mwilini? Gramu 400 hadi 500, yaani kilokalori 1,600 mpaka 2,000.

Umeona? Kwenda utafika. Kurudi, kama hukula, ghala litaisha kabla hujaona misitu ya Kibena. Ni kweli mafuta ya mwili nayo yanachangia, na hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana. Ila mafuta ni kama kuni mbichi: yanawaka, lakini polepole, na ukipanda mlima mwili unadai moto wa haraka. Halafu kumbuka Njombe iko kwenye mita 1,900 na ushee juu ya usawa wa bahari, Makambako kati ya 1,600 na 1,700. Nilipokuwa nafurahia kwenda nilikuwa nateremka, bila kujua, na deni nililiacha la kurudia.

Jaribio la mwisho katika mlolongo huu lilichapishwa mwaka 1986 na Edward Coyle na wenzake wa Texas. Waendesha baiskeli wazoefu walionyweshwa maji yenye ladha tu walichoka baada ya kama saa tatu. Walipopewa wanga njiani, walifika saa nne. Saa nzima ya ziada, kwa kula tu! Leo ushauri wa kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25. Kiazi cha kuchemsha kinachojaa kiganja ni vivyo hivyo. Soda moja ya chupa ina zaidi ya 30. Huhitaji vile vipakiti vya rangirangi vya dukani. Njombe ni nchi ya viazi, na mimi nilipita katikati ya mashamba ya viazi nikizimia kwa njaa. Utingo alikuwa na haki ya kucheka.

Mwanagenzi aliyezunguka dunia

Labda unasema: hayo ni ya wanariadha, mimi baiskeli nimenunua juzi. Sawa. Basi mfahamu Thomas Stevens.

Stevens alizaliwa Uingereza akahamia Marekani, na alipopata wazo la kuvuka bara lile kwa baiskeli alikuwa hajui kuendesha. Alijifunzia San Francisco, kwenye bustani kubwa ya mji. Na baiskeli yenyewe haikuwa hii ya kwetu. Ilikuwa ile yenye gurudumu la mbele refu karibu kama mtu na la nyuma dogo kama sahani, ambayo ukigonga jiwe unatupwa kwa kichwa. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka na soksi, shati la akiba, koti la mvua lililokuwa pia hema na kitanda, na bastola. Tarehe 4 Agosti alikuwa Boston, mtu wa kwanza kuvuka Marekani kwa baiskeli. Hakuridhika. Aliendelea Ulaya, Uturuki, Uajemi, India, China, akamalizia Yokohama, Japani, Desemba 1886.

Ninachokipenda kwa Stevens ni kwamba mazoezi yake yalikuwa safari yenyewe. Wiki za kwanza, milimani, sehemu kubwa aliisukuma baiskeli kwa miguu, ikiwemo kupita ndani ya mapaa ya mbao yaliyojengwa kukinga reli na theluji. Hakuwa na aibu ya kusukuma. Waanzaji wengi wa leo wanaona kushuka mlimani na kusukuma ni kushindwa, wanajilazimisha, wanaua miguu asubuhi, halafu mchana wanalia. Sukuma, ndugu yangu.

Na kuna kipande cha maisha yake kinachotuhusu. Mwaka 1889 gazeti la New York lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea bara. Mzunguka dunia alifika Zanzibar, na huku kwetu akasafiri kwa miguu, na msafara wa wapagazi. Gurudumu halikuwa na kazi kwenye njia zile. Wenye ujuzi wa safari ndefu walikuwa wapagazi: walijua maji yako wapi, mzigo unapimwaje, lini mtu apumzike na ale nini.

Njombe nayo ina watu wake wa safari ndefu, ambao kwenye vitabu vya michezo huwakuti. Wakati wa ukoloni wilaya hii ilikuwa miongoni mwa zilizotoa vibarua kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tunawaita manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Mwanzoni wengi walikwenda kwa miguu, wiki na wiki. Baada ya 1944, wakulima wa mkonge walipounda ofisi yao ya kuajiri iliyoitwa SILABU, malori na treni vilichukua nafasi. Huko walifanya kazi kwa kipande, siku thelathini ndipo kinajaa, na waliobahatika walirudi na blanketi, bati, au kitu kilichokuwa na heshima kuliko vyote kijijini: baiskeli. Babu aliyenyonga Raleigh kupeleka mahindi gulioni hakuwa anafanya michezo. Lakini msuli haujui tofauti kati ya kazi na mazoezi. Ukikuta bwana anapanda mlima na magunia nyuma kwenye keria, miguu yake ina glaikojeni ambayo Bergström angeililia.

Hata barabara unayopita ni changa kuliko watu hao. Makambako ilipata ukubwa wake kwa kuwa njia zilikutana pale: barabara kuu ya kwenda Zambia, kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, kisha lami ya kwenda Njombe na Songea iliyokuja miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Ukisimama Makambako na baiskeli yako una zaidi ya nusu karne ya historia chini ya tairi. Una pia malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayopita yakinguruma, kwa hiyo vaa reflekta na usiendeshe na spika masikioni. Hili sikuombi, nakuamuru.

Wiki kumi na mbili

Tuje kwenye mazoezi. Mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alichapisha utafiti wa panya aliowakimbiza kwenye mkanda kwa wiki 12, akiwaongezea muda kidogokidogo. Ndani ya misuli yao mitokondria, vile vinu vidogo vya seli vinavyochoma chakula kwa oksijeni, viliongeza uwezo karibu maradufu. Kabla ya hapo wengi walidhani mazoezi yanajenga moyo na mapafu tu. Holloszy alionyesha kwamba kiwanda chenyewe, ndani ya msuli, kinapanuliwa. Na msuli wenye vinu vingi unachoma mafuta vizuri zaidi, kwa hiyo ghala la wanga linadumu. Kuni mbichi zinaanza kuwaka.

Kwa hiyo panga wiki kumi na mbili. Siku mbili za katikati ya wiki safari fupi, Jumamosi safari ndefu. Anza na kilomita 30, ongeza sehemu ya kumi kila wiki, na wiki ya 12 unakuwa umefika karibu 85. Mtu aliyeweza 85 akiwa anakula vizuri, 120 ataziweza. Hiyo sehemu ya kumi si sheria ya sayansi, ni desturi ya makocha tu. Ukiona magoti yanalalamika punguza, hakuna atakayekushtaki. Kuhusu kasi, Jumamosi nenda taratibu kiasi cha kuweza kupiga stori. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda mbio mno.

Anza Juni ili uondoke mwanzoni mwa Septemba. Juni na Julai Njombe asubuhi nyasi zinaweza kuwa nyeupe kwa barafu, kwa hiyo usitoke kabla jua halijachomoza. Vidole vikifa ganzi hutashika breki. Septemba ni kukavu, mvua hazijafika. Ubaya wake ni moshi wa mashamba yanayochomwa.

Na hewa? Kwenye urefu wa Njombe mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 ya ule wa pwani, na oksijeni unayoivuta kila pumzi inapungua kwa kiasi hichohicho. Mtanzania anayekumbukwa zaidi kwa kupambana na hewa ya namna hiyo ni John Stephen Akhwari, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, mita 2,240 juu ya bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka, akaumia goti, na bado akamaliza, wa 57 kati ya 75 walioanza, wa mwisho kufika na giza limeingia. Wengine 18 hawakumaliza kabisa. Michezo ile ndiyo iliyowasukuma wanasayansi wa dunia kuuchunguza mwinuko kwa dhati. Walichokikuta ni kwamba mwili unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Kama umekulia Njombe, umeshazoea bila kulipa. Kama unatoka Dar kuja kwenye safari hii, njoo mapema, na siku za kwanza ukihema kama umepanda ghorofa kumi usiogope.

Kwa baiskeli mwinuko una zawadi pia. Hewa nyepesi inakuzuia kidogo. Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda hukohuko Mexico City mwaka 1972 kuvunja rekodi ya saa moja, akapata kilomita 49.431. Ila zawadi hiyo ni ya mwenye kasi kubwa. Mimi na wewe kwenye kilomita 15 kwa saa upepo hautujui.

Jambo moja la mwisho kuhusu chombo. Jifunze kuziba pancha kabla hujaondoka, maana kati ya mji na mji fundi anaweza asiwepo. Umbo la baiskeli yako, magurudumu mawili sawa na cheni nyuma, ni lile la John Kemp Starley wa Coventry, 1885. Phoenix ya Kichina inayobeba viazi leo ni mjukuu wake asiyebadilika sura. Tairi la upepo liliongezwa na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Dunia nzima ikataka tairi, na mpira mwingi ulikuwa bado msituni. Katika Kongo ya Mfalme Leopold vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta. Walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, watu walikatwa mikono, mpaka mwaka 1908 nchi hiyo iliponyang'anywa mikononi mwake. Wazungu wa miaka ya 1890 waliokuwa wakifurahia baiskeli Jumapili hawakuuliza mpira unatoka wapi. Mimi nikiwa nasugua tyubu kwa msasa ili niipake gundi, nalikumbuka hilo kila mara, na sijui nilifanyie nini zaidi ya kukuambia.

Niko wiki ya saba sasa. Jumamosi iliyopita nilifanya kilomita 53, na mfukoni nilikuwa na viazi vinne vya kuchemsha, ndizi tatu na chumvi kidogo kwenye karatasi. Nilikula kila baada ya dakika arobaini, hata bila njaa, kwa sababu njaa ikifika umeshachelewa. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Kibena kijana mmoja alinipita na gunia nyuma, ananyonga taratibu, anapiga mluzi.

"Kamwene! Unafanya mazoezi ya kwenda wapi, kaka?"

Nilitaka kumjibu Makambako, ila pumzi haikutosha. Alipofika juu alinisubiri, nikampa ndizi.